Atomu Haina Moshi, Ina Riba

Mwaka 2007 Vincent de Rivaz, Mfaransa aliyekuwa akiongoza tawi la Uingereza la shirika la umeme la EDF, aliwaahidi Waingereza kwamba ifikapo Krismasi ya 2017 wangekuwa wakipika bata mzinga wao kwa umeme wa kinu kipya cha nyuklia. Krismasi hiyo ilifika, bata wakaokwa, kinu hakikuwepo. Ndiyo kwanza msingi ulikuwa unamwagwa zege. Januari 2024 EDF ilitangaza tena tarehe mpya: mtambo wa kwanza wa Hinkley Point C, katika pwani ya Somerset, utawaka kati ya mwaka 2029 na 2031.

Ni rahisi kuwacheka Waingereza kwa hilo, na magazeti yao yenyewe yamecheka vya kutosha. Lakini kisa cha Hinkley kinafaa kusikilizwa na yeyote anayeambiwa siku hizi kwamba nyuklia ndiyo dawa ya moshi unaoipasha dunia joto. Kuambiwa huko si mzaha. Desemba 2023, katika mkutano wa tabianchi wa COP28 huko Dubai, zaidi ya nchi 20 zilitia saini azimio la kuongeza mara tatu uwezo wa nyuklia duniani ifikapo mwaka 2050. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano wa Baku, Kenya na Nigeria nazo zikajiunga. Saini zimepatikana, fedha ndizo bado zinatafutwa.

Tuanze na pale ambapo ubishi umepungua. Je, nyuklia kweli ni safi kwa upande wa hewa ukaa? Mwaka 2014 jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, IPCC, lilipiga hesabu ya kila chanzo cha umeme tangu kuchimba madini na kumwaga zege hadi kubomoa mtambo uliozeeka. Uniti moja ya umeme wa makaa ya mawe hutoa takriban gramu 820 za gesi joto. Gesi asilia, gramu 490. Umeme wa jua, kati ya 40 na 50 hivi, na tangu hapo teknolojia yake imezidi kuboreka. Upepo ni gramu 11 au 12. Nyuklia ni 12. Kwa kipimo cha moshi, basi, kinu cha nyuklia kimeketi benchi moja na kinu cha upepo, na anayetaka kukikataa atafute sababu nyingine. Sababu zipo, ila hiyo si mojawapo.

Ushahidi wa vitendo uko Ufaransa. Baada ya bei ya mafuta kupanda ghafla mwaka 1973, waziri mkuu Pierre Messmer alitangaza mwaka 1974 mpango wa kuhamishia umeme wa nchi kwenye nyuklia. Katika muda wa miaka 15 hivi Wafaransa walijenga vinu kwa makumi, wakirudia michoro ileile, kwa mafundi walewale, chini ya shirika moja la serikali lililokopa kwa jina la taifa. Hadi leo karibu theluthi mbili ya umeme wao unatokana na vinu hivyo, na moshi wa sekta yao ya umeme ni mdogo kuliko wa majirani wengi. Ujerumani ilichagua njia nyingine: Aprili 15, 2023 ilizima vinu vyake vitatu vya mwisho, huku mitambo ya makaa ya mawe ikiendelea kuunguza. Kwa hesabu ya hewa ukaa peke yake, foleni hiyo ilipangwa kinyume. Kilichostahili kuzimwa kwanza kilikuwa makaa.

Hata hivyo kinu kilichokwisha kulipiwa ni kitu kimoja, na kinu ambacho hakijajengwa ni kingine kabisa. Watu huvichanganya hivyo viwili kila mjadala unapowaka. Cha zamani kinadaiwa mishahara, matengenezo na urani kidogo. Kukiongezea miaka 10 au 20 mara nyingi ni nafuu kuliko kujenga chochote kipya. Kinu kipya kinadaiwa na benki.

Hapa ndipo uchumi wa nyuklia unapotofautiana na ule wa gesi. Mtambo wa gesi hujengwa haraka na kwa bei ya wastani, kisha pesa nyingi huliwa na gesi yenyewe mwaka hadi mwaka. Nyuklia ni kinyume: urani ni sehemu ndogo ya gharama, na mzigo mkubwa huja kabla hata taa moja haijawaka. Mfano wake ni mtu anayejenga nyumba ya kupangisha kwa mkopo: kila mwezi unaopita bila mpangaji, deni linanenepa na kodi haiingii. Sasa nyumba hiyo ichukue miaka 12. Deni la riba ya asilimia 9 hujizidisha mara mbili katika miaka 8. Deni la riba ya asilimia 2 huhitaji miaka 35 kufanya hivyo. Zege ni lilelile, chuma ni kilekile, wahandisi ni walewale, lakini umeme wa mmoja unaweza kuuzwa kwa bei iliyo karibu na mara mbili ya mwenzake kwa sababu tu ya nani aliyekopesha na kwa masharti gani.

Ndiyo maana swali la kwanza kuhusu kinu kipya lingepaswa kuwa: hatari ya ucheleweshaji iko kwenye mfuko wa nani?

Kwa Hinkley, serikali ya Uingereza ilijibu kwa kusema iwe kwenye mfuko wa mwekezaji. Mkataba uliojadiliwa mwaka 2013 na kutiwa saini Septemba 2016 uliweka bei ya pauni 92.50 kwa kila megawati-saa, yaani peni 9 na robo kwa uniti, kwa thamani ya fedha ya mwaka 2012. Bei hiyo hupanda pamoja na mfumuko wa bei, na itadumu miaka 35. Wakati wa makubaliano ilikuwa kama maradufu ya bei ya soko. Serikali ilijitetea: ndiyo, ni ghali, lakini gharama ya ujenzi ikipanda, mwananchi halipi hata peni ya ziada. Mwaka 2017 Ofisi ya Taifa ya Ukaguzi ya Uingereza haikuvutiwa na utetezi huo. Iliandika kwamba serikali imewafunga watumiaji wa umeme kwenye mradi ghali na wa hatari, ambao faida zake hazina uhakika.

Gharama zilipanda kweli. Makadirio ya pauni bilioni 18 yalifika kati ya bilioni 31 na 35, zote kwa bei za mwaka 2015. EDF ilitaja sababu zake: ugonjwa wa Uviko, uhaba wa mafundi baada ya Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, na matakwa ya wadhibiti wa Uingereza yaliyolazimu mabadiliko 7,000 kwenye mchoro uliokuwa umekwisha kuchorwa, yakaongeza chuma kwa asilimia 35 na zege kwa asilimia 25. Kampuni ya Kichina ya CGN, iliyokuwa na theluthi moja ya hisa, ilikataa kuongeza fedha nje ya mkataba wake. EDF yenyewe ilizidiwa na madeni na matatizo ya vinu vyake vya nyumbani, na mwaka 2023 serikali ya Ufaransa ikanunua hisa zake zote zilizosalia. Kwa hiyo hasara ya Somerset imekwenda kubebwa na mlipakodi wa Lyon na Marseille, ambaye hakuulizwa na wala hatatumia umeme huo. Mwingereza alipata alichoahidiwa. Ila hakuna mwekezaji mwingine wa binafsi aliyejitokeza kutaka mkataba wa namna hiyo tena.

Na wakati huohuo kitu kingine kilitokea, kimya kimya. Mwaka 2012 makaa ya mawe yalitoa karibu asilimia 40 ya umeme wa Uingereza. Septemba 30, 2024 mtambo wa mwisho wa makaa, Ratcliffe-on-Soar, ulizimwa. Nchi iliyoanzisha mapinduzi ya viwanda kwa makaa imeyaaga makaa bila kuwasha kinu hata kimoja kipya cha nyuklia katika kipindi chote hicho. Vilivyofanya kazi hiyo ni upepo wa baharini, kodi ya hewa ukaa, umeme wa jua, uagizaji kutoka ng'ambo na, ukweli usemwe, gesi nyingi. Mnada wa mwaka 2017 ulileta upepo wa baharini kwa pauni 57.50, na ule wa 2022 kwa pauni 37.35, kwa thamani ileile ya fedha iliyotumika Hinkley. Wapinzani wa nyuklia hupenda kuishia hapo.

Wasiishie hapo. Mnada wa mwaka 2023 haukupata mzabuni hata mmoja wa upepo wa baharini, kwa sababu chuma na riba vilikuwa vimepanda na serikali haikutaka kupandisha bei; upepo nao una riba yake. Tena kuna majuma ya baridi kali kaskazini mwa Ulaya ambapo hewa hutulia, mawingu hufunga, na vinu vya upepo na paneli za jua hulala pamoja. Betri za leo hubeba saa chache, hazibebi juma. Kuondoa nusu ya kwanza ya moshi ni kazi rahisi. Ile asilimia 10 ya mwisho ndiyo inayouma, na hapo umeme usiotegemea hali ya hewa una thamani kubwa kuliko bei yake ya uniti inavyoonyesha. Inaweza kuwa nyuklia, jotoardhi, au maji yaliyohifadhiwa kwenye mabwawa. Kwa nchi isiyo na jotoardhi wala milima, orodha hiyo ni fupi.

Basi Uingereza ikarudi mezani na mbinu mpya. Kinu kinachofuata, Sizewell C, katika pwani ya Suffolk, kilipitishwa rasmi Julai 22, 2025 kwa makadirio ya pauni bilioni 38, bei za mwaka 2024. Mchoro ni uleule wa Hinkley, safari hii bila kuanza kuuchora upya. Kilichobadilika ni mfuko. Serikali yenyewe imechukua asilimia 44.9 ya hisa, mfuko wa pensheni wa Quebec uitwao La Caisse asilimia 20, kampuni ya gesi ya Centrica 15, EDF imebaki na 12.5, na kilichosalia kimekwenda kwa Amber Infrastructure. Sehemu kubwa ya mkopo inatoka Mfuko wa Utajiri wa Taifa, hadi pauni bilioni 36.6. Na kwa sheria iliyopitishwa mwaka 2022, kila kaya inaanza kuchangia kwenye bili yake tangu sasa, kiasi cha pauni moja kwa mwezi, mtambo ukiwa bado unajengwa.

Hoja ya kufanya hivyo ina mantiki yake. Mwekezaji anayelipwa kidogo kidogo tangu mwanzo, huku serikali ikiwa nyuma yake, haoni sababu ya kudai faida ya asilimia 9. Riba ikishuka, bei ya umeme inashuka. Lakini msikilizaji atambue kilichofanyika: hatari haikuondolewa, imehamishwa. Ilikuwa Paris, sasa iko kwenye bili ya nyumba. Ajuza wa miaka 80 mjini Leeds analipia umeme ambao huenda asiutumie, na ujenzi ukichelewa tena, yeye ndiye mkopeshaji.

Wamarekani walikwisha kuijaribu njia hii, na matokeo yake yanaonekana pande mbili za mto mmoja. Mto Savannah ni mpaka kati ya majimbo ya Georgia na South Carolina. Majimbo yote mawili yaliamua, katika miaka ileile, kujenga vinu viwili viwili vya aina moja, AP1000 ya kampuni ya Westinghouse, na yote mawili yaliruhusu makampuni ya umeme kuwatoza wateja kabla ya kazi kukamilika. Machi 2017 Westinghouse ikafilisika. Miezi minne baadaye South Carolina iliachana na mradi wake wa V.C. Summer, dola bilioni 9 zikiwa zimekwisha kuzikwa ardhini. Wateja waliendelea kulipia mashimo. Kevin Marsh, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya SCANA, alihukumiwa mwaka 2021 kifungo cha miaka 2 jela kwa kuwaficha watu hali halisi ya mradi.

Georgia iliendelea. Serikali kuu ya Marekani ilidhamini mikopo ya dola bilioni 12. Vinu vya Vogtle 3 na 4, vilivyokadiriwa kama bilioni 14, vilikamilika kwa zaidi ya bilioni 30, kimoja Julai 2023 na cha pili Aprili 2024, miaka 7 nyuma ya ratiba. Bili zimepanda, na wananchi wamenung'unika. Lakini umeme upo, hauna moshi, na kwa kawaida mitambo ya namna hiyo huweza kufanya kazi miaka 60 au zaidi. Majirani hawa wawili walilipa vibaya wote. Mmoja akapata kitu.

Je, hakuna mahali ambapo kazi hii imefanyika vizuri? Pako, na ni mahali ambapo watu wengi wa Mombasa, Unguja na Kampala wanapafahamu kwa jasho lao. Barakah, magharibi mwa Abu Dhabi, kuna vinu vinne vya Kikorea vyenye jumla ya megawati 5,600. Zabuni ilitolewa Desemba 2009, zege la kwanza lilimwagwa Julai 2012, na kinu cha nne kilianza kuuza umeme Septemba 2024. Robo ya umeme wa Falme za Kiarabu sasa inatoka hapo, na wenye mtambo wanasema unazuia tani milioni 22.4 za hewa ukaa kila mwaka. Mlinzi au muuguzi kutoka Afrika Mashariki anayewasha kiyoyozi chake baada ya zamu ya usiku anautumia.

Siri yake haikufichika. Wakorea walikuja na timu iliyokuwa imetoka kujenga nyumbani, si iliyokaa miaka 20 bila kazi. Wakajenga vinne mfululizo, kila kimoja kikifundisha kinachofuata. Na fedha: mpango uliofungwa mwaka 2016 ulikuwa wa takriban dola bilioni 24.4, na kati yake bilioni 16.2 zilikopeshwa na idara ya fedha ya Abu Dhabi yenyewe, kutoka hazina iliyojaa mapato ya mafuta. Hakukuwa na mwekezaji wa kubembelezwa. Hakukuwa pia na bunge lenye meno, waandamanaji, wala mahakama ya kusimamisha kazi, na anayesifu kasi ya Barakah asilisahau hilo. Hata hivyo nako kulichelewa. Kinu cha kwanza kilikusudiwa mwaka 2017, kikaanza biashara 2021.

Nchi isiyo na mafuta ya Abu Dhabi wala benki za London inabaki na milango michache. Mmoja uko Moscow. Misri inajenga vinu vinne vya Kirusi huko El Dabaa, kando ya Bahari ya Kati, megawati 4,800, kwa mkopo wa Urusi wa dola bilioni 25 ambao unabeba asilimia 85 ya gharama, kwa riba ya asilimia 3. Kwa biashara ya nyuklia hiyo ni riba ya kirafiki. Bangladesh nayo ilichukua mkopo wa namna hiyo kwa kinu cha Rooppur, na baada ya vita vya Ukraine ikajikuta na tatizo ambalo hakuna mhandisi aliyelifikiria: benki za Urusi zikiwa zimewekewa vikwazo, hata kulipa deni kukawa kazi. Riba nafuu ilikuja na siasa ndani yake.

Afrika Kusini nusura ipite mlango huohuo. Serikali ya Jacob Zuma ilitaka megawati 9,600 za nyuklia na ilikuwa imefunga makubaliano na Urusi. Asasi mbili za kiraia, Earthlife Africa na umoja wa dini wa SAFCEI, zilikwenda mahakamani, na Aprili 2017 Mahakama Kuu ya Western Cape ikayafuta makubaliano hayo kwa kuwa taratibu na bunge vilirukwa. Walioongoza kesi, Makoma Lekalakala na Liz McDaid, walipewa Tuzo ya Goldman ya mazingira mwaka 2018. Inafaa kukumbuka kwamba kesi yao haikuwa juu ya mionzi. Ilikuwa juu ya nani ana haki ya kuitia nchi deni. Koeberg, nje ya Cape Town, inabaki kuwa kituo pekee cha nyuklia kinachozalisha umeme wa gridi barani Afrika.

Mlango mwingine umefunguliwa hivi karibuni. Juni 2025 Benki ya Dunia, chini ya rais wake Ajay Banga, iliondoa marufuku yake ya muda mrefu dhidi ya kufadhili nyuklia. Mkopo wake pekee wa aina hiyo ulikuwa wa mwaka 1959, dola milioni 40 kwa kituo cha Garigliano nchini Italia. Habari hizo zilipokewa kwa shangwe katika wizara nyingi za nishati, lakini anayesoma tamko lenyewe anaona tahadhari: benki imesema itaanza na kuongezea maisha vinu vilivyopo na kusaidia vinu vidogo vipate kukomaa. Haikusema itamwaga mabilioni kwa kinu kikubwa cha kwanza cha nchi inayoanza.

Vinu vidogo navyo vina habari zake. Novemba 2023 kampuni ya NuScale na umoja wa wasambazaji umeme wa Utah zilifuta mradi wao wa Idaho baada ya gharama kufika dola bilioni 9.3 kwa megawati 462 tu. Kanada imethubutu zaidi: Mei 2025 jimbo la Ontario liliidhinisha vinu vinne vidogo huko Darlington, megawati 300 kila kimoja, kwa dola za Kanada bilioni 20.9. Wakifaulu kushusha bei kutoka kinu cha kwanza hadi cha nne, dunia itajifunza kitu. Mpaka hapo, ahadi ya kinu kidogo cha bei nafuu ni ahadi.

Turudi Kenya, kwa sababu huko mjadala umefika hadi mashambani. Wakala wa nyuklia wa nchi hiyo, NuPEA, ulichagua kwanza Uyombo, katika Kaunti ya Kilifi, kwa ajili ya kinu cha megawati 1,000. Wavuvi na wakazi walipinga. Mwaka 2024 maandamano yakakutana na polisi. Uyombo iko jirani na hori la Mida na hifadhi ya bahari ya Watamu, na watu wake wanaishi kwa samaki na watalii. Macho ya serikali yakahamia Siaya, ukingoni mwa Ziwa Viktoria, ambako wanasiasa wengi wameupokea mradi kwa mikono miwili.

Kwanza, kuna jambo ambalo mabango ya pande zote mbili hayakulisema vya kutosha. Umeme wa Kenya, kwa takriban asilimia 90, tayari hauna moshi. Jotoardhi ya Olkaria peke yake inabeba zaidi ya theluthi moja, kisha upepo wa Ziwa Turkana, maji ya Mto Tana, na jua. Kinu cha nyuklia cha Siaya hakitafunga kituo cha makaa, maana Kenya haina kituo cha makaa kwenye gridi yake. Kwa hiyo tusiuze kinu hicho kwa jina la tabianchi. Kinaweza kuwa na sababu ya haki, nayo ni umeme wa uhakika kwa viwanda vya miaka ijayo, lakini ni sababu ya ukuaji, na ipimwe dhidi ya jotoardhi ambayo bado imelala chini ya Bonde la Ufa bila kuchimbwa.

Pili, ukubwa. Wahandisi hupenda mtambo mmoja usizidi kama asilimia 10 ya gridi, ili ukizimika ghafla nchi isizimike nayo. Mahitaji ya juu ya Kenya yalivuka megawati 2,300 mwaka 2025. Mtambo mmoja wa 1,000 katika gridi hiyo ni zaidi ya theluthi. Ni kweli gridi itakua, na nyaya za kwenda Ethiopia, Uganda na Tanzania zinaifanya iwe pana kuliko ramani ya nchi moja. Lakini nyaya hizo nazo zinahitaji fedha, na hazimo kwenye bei ya kinu.

Tatu, kuna somo ambalo Wakenya walikwisha kulilipia. Mitambo 365 ya upepo ya Ziwa Turkana, megawati 310, ilikamilika mwaka 2017. Waya wa kuleta umeme huo hadi Suswa, zaidi ya kilomita 400, haukuwa tayari hadi 2018, baada ya mkandarasi wa Kihispania kufilisika. Mkataba ulisema mwenye mitambo alipwe hata kama umeme haufiki, na akalipwa, mabilioni ya shilingi. Huo ulikuwa mradi wa upepo, usio na tanuri wala taka za mionzi. Kifungu cha namna hiyo kwenye mkataba wa nyuklia kingeuma mara kadhaa zaidi.

Tanzania ilichagua njia ngumu kwa bwawa la Julius Nyerere pale Rufiji: megawati 2,115, zaidi ya shilingi trilioni 6, kutoka hazina ya nchi yenyewe. Ubishi kuhusu mazingira ya hifadhi ya Selous haukwisha, lakini hakuna mkopeshaji wa nje anayeshika funguo. Nchi hiyohiyo ina urani huko Mkuju, wilaya ya Namtumbo, ambako Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kampuni iliyo chini ya Rosatom, shirika la nyuklia la Urusi. Wapo wanaodhani kuwa na urani ni nusu ya safari ya kuwa na kinu. Sivyo. Katanga, nchini Kongo, ilikuwa na urani iliyobadili historia ya dunia, na Kinshasa ilikuwa na kinu cha utafiti tangu 1959, cha kwanza barani; Kongo bado inatafuta umeme wa kuwasha nyumba zake.

Limebaki la mwisho kwenye hesabu, ambalo huja wakati waliotia saini wamekwisha kustaafu: kubomoa na kuzika. Kusafisha Sellafield, ambako Uingereza ilirundika taka za nusu karne, za kiraia na za mabomu, kunakadiriwa kugharimu pauni bilioni 136 na kuendelea hadi karne ijayo. Wafini walifanya tofauti. Kwa miongo mingi walikata fungu kwenye bei ya umeme, wakaweka kwenye mfuko maalumu, na kwa fedha hizo wamechimba handaki la Onkalo, zaidi ya mita 400 ndani ya mwamba, la kuhifadhi taka zao wenyewe.

Nyuklia mpya, basi, ina nafasi katika vita dhidi ya moshi: kwa Poland inayounguza makaa, kwa India, kwa Korea, kwa Afrika Kusini ambayo shirika lake la umeme, Eskom, bado linaishi kwa makaa ya Mpumalanga. Kwa nchi hizo kila kinu kinachokamilika kinaondoa moshi halisi, hata kikigharimu maradufu. Kwa Kenya na Uganda, ambazo umeme wao sehemu kubwa ni maji, mvuke na jua, kinu ni uamuzi wa fedha kabla ya kuwa uamuzi wa hewa. Msikilizaji wa Siaya ana haki ya kuusoma mkataba kabla jiwe la msingi halijawekwa: riba ni asilimia ngapi, deni linalipwa kwa sarafu gani, ujenzi ukichelewa miaka 7 analipa nani, na fungu la kuzika taka linakatwa kuanzia uniti ya ngapi. Mbunge wake analipwa mshahara ili ayaulize maswali hayo kwa niaba yake, na ayaulize sasa, wakati bado hakuna kilichotiwa saini cha kuvunjwa.